Kesho Masanja Asidake

Rågsved, Jumamosi, mwezi wa kumi, 1974

Mvua tangu asubuhi. Ni ile mvua ya huku isiyo na kishindo, ambayo hujui kama inanyesha mpaka uone miavuli ya watu wanaotoka kituoni. Alasiri haijaisha na nimeshawasha taa. Moyo wangu umekaa vibaya tangu nilipoamka.

Mezani mbele yangu kuna viatu vya mpira vya mwanamume, vikubwa, soli zimejaa changarawe. Nilivifunga ndani ya kanga yangu nikaja navyo. Nimeviiba mchana huu mbele ya watu, na watu wakanicheka.

Ni vya Masanja, kipa wa Chuo.

Kesho ndiyo mechi ya mwisho ya msimu, na mimi Mwanahawa, shabiki wa Chuo kuliko hata hao wanaosoma pale, sitaki kipa wetu adake. Nimeandika maneno hayo na bado siamini kwamba ni yangu. Mume wangu Salum hanisikilizi, yuko jikoni na redio yake, anajifanya anaosha vyombo. Basi nitayasema hapa.

Kwanza niseme kuhusu timu yenyewe, maana asiyeijua Chuo hawezi kujua uzito wa kesho.

Nilikuja Stockholm mwaka 1968 kumfuata Salum, aliyekuwa anasomea uchomeleaji kwenye chuo cha ufundi kule Jordbro. Jumapili yangu ya kwanza hakunipeleka kuona jumba la mfalme wala bahari. Alinipeleka kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya karakana, akaniambia nikae kwenye benchi, akaenda kuvaa jezi ya winga wa kushoto. Baridi ilinila vidole. Tulifungwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na refa akaja kuniuliza kama kuna mtu ameniumiza. Tangu siku hiyo nimekuwa wa Chuo, na hata Salum alipomaliza masomo na kupata kazi Södertälje, yeye aliacha mpira, mimi sikuacha.

Nina maoni yangu na wote wanayajua. Kocha Lennart, mwalimu wao wa mazoezi ya viungo, ni mtu mwema lakini mpira anaoufundisha ni wa kupiga mbele na kukimbia. Una vijana wa Mwanza, Mombasa na Kampala wanaoweza kulaza mpira chini ukatulia, wewe unawaambia waupige juu! Nimemwambia kwa Kiswidi changu hiki cha kuokoteza, mara nyingi, naye hucheka na kunimiminia kahawa. Na ile changarawe jamani, mtu akianguka paja lote linachubuka. Halafu ugonjwa mkubwa wa timu ya chuo ni kwamba haina wazee. Ukishamzoea beki, ukashajua anapenda kupitia upande gani, keshapata cheti, kapanda ndege. Kila msimu unaanza kupenda watu upya.

Na kila msimu mwisho wake ni mmoja. Tunacheza vizuri mpaka majani yaanze kudondoka, kisha tunateleza. Mwaka jana ilibaki sare tu tupande daraja. Tulifungwa kwa kona ya mwisho, na nilirudi nyumbani kwenye treni nikilia mbele za Waswidi, na wao wakatazama dirishani kwa adabu.

Mwaka huu tumefika tena. Tukishinda kesho tunapanda. Na safari hii si kupanda tu. Mkuu mpya wa chuo anakitaka kiwanja, ajenge karakana nyingine, na amesema wazi kwamba timu iliyokaa chini miaka yote haina sababu ya kuwekewa uwanja. Kwa hiyo kesho ni kupanda au kuvunjika. Wafula, kapteni wetu, kijana wa Bungoma mwenye maneno machache, aliwaambia wenzake hivyo hivyo wiki hii na hakuna aliyetania.

Sasa Masanja.

Masanja ni Msukuma. Mimi Mzaramo. Kwa hiyo ni mtani wangu, na siku aliyofika hapa, kabla hajavua koti, alikwishaniita mtumwa wake na kuniamuru nimletee maji. Nikamwambia maji ya kunywa hayapo, yapo ya kuoshea maiti yake. Akacheka, akajitupa kwenye kochi letu, na tangu hapo nyumba hii ni yake. Hajawahi kunisalimia kwa heshima hata siku moja. Akipiga simu huanza kwa matusi. Akija kula hula chakula cha Salum kwanza. Mimi nami kila mechi husimama nyuma ya goli lake na kumwimbia kwamba leo tunamzika, sanda ninayo, kaburi nimeshachimba pale penye kona. Waswidi walishtuka mwanzoni. Wafula akawaeleza, na sasa nao wananiimbisha.

Ndivyo tulivyo sisi. Mtani haudhiki. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, unakwenda kukigomboa kwa maneno mazuri. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha.

Alifanya hivyo mwaka huu. Baba yangu alipofariki Dar es Salaam, mwezi wa tatu, mimi sikuweza kwenda. Tukasoma hitima hapa hapa sebuleni, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Sikuwa nimelia wala kula, nilikaa tu. Masanja akaingia amevaa kanzu ya Salum imemfika magotini, kofia imeinama, akajilaza katikati ya chumba kama maiti. Kisha akafumbua jicho moja, akasema kwa sauti ya mzee kwamba yeye ndiye marehemu, haendi popote mpaka Mwanahawa ampe kahawa na ale wali mbele yake. Lo! Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakurudi, nikalia kilio changu chote. Nikala wali. Sitamsahau Masanja kwa hilo.

Jumapili iliyopita alijitupa miguuni pa mshambuliaji, na goti la yule mtu likampata juu ya sikio.

Niliusikia mlio wake kutoka nyuma ya goli. Alilala. Lennart akaja na ndoo na sifongo la maji baridi, akamminyia shingoni, akamkalisha. Masanja akasimama. Akatikisa kichwa, akavuta glavu zake. Refa alikuwa ametoa penalti, na Masanja akaidaka. Haki ya Mungu akaidaka! Tulishinda moja bila, tukambeba. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuingia uwanjani, nikiimba kwamba hata kaburi limemtema.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akauliza tumefungana ngapi. Wakamwambia. Akauliza tena. Wakacheka wakamwambia tena. Alipouliza mara ya tatu Wafula akamrushia taulo, akamwambia aache mzaha. Nilikuwa mlangoni na birika la chai, na mimi nilicheka pamoja nao.

Jumanne alikuja kula. Nilisonga ugali wa semolina, ndio tunaoupata huku, na samaki wa kukaanga. Akajimiminia chai mpaka kikombe kikajaa, ikamwagika mezani, ikamwagikia suruali, naye anaendelea kumimina huku ananitazama. Nikamnyang'anya birika. Nikamwambia kwao hawajaona kikombe. Hakujibu kitu, na Masanja si mtu wa kukosa jibu.

Halafu akaniuliza, "Mzee hajambo? Amekuandikia siku hizi?"

Nilidhani ni utani. Utani mkali, lakini unaruhusiwa. Nikamjibu papo hapo, "Hajambo, anakusubiri wewe. Amekutandikia mkeka."

"Nisalimie sana," akasema, akaendelea kutoa miiba ya samaki.

Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania. Mtu aliyelala kwenye zulia hili hili akijifanya marehemu baba yangu ananiuliza habari za baba yangu. Na mimi nimemjibu hivyo, kwa kinywa changu.

Baada ya chakula alikuwa anacheza na Zuhura sakafuni, wanajenga nyumba ya vijiti. Mara mtoto akaja jikoni. Binti yangu huyu ninamsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi. "Mamma, farbror Masanja sover," akaniambia. Mjomba Masanja amelala. Nikaenda kutazama. Alikuwa amelala amekaa, kijiti mkononi, mdomo wazi, na nilimwita na kumtikisa muda mrefu kabla hajafungua macho. Alipofungua alishika kichwa akasema taa zetu zinamchoma.

Nikamwambia twende hospitali. Hapo ndipo akili ilipomrudia yote. "Mtani, usiniharibie," akasema, na safari hii alisema polepole. Alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni mechi. Ya pili ni wale waliompa nafasi ya masomo. Mwaka juzi kijana mmoja aliugua kifua, wakamrudisha nyumbani kabla ya cheti, na habari hiyo kila mwanafunzi wa kigeni pale Jordbro anaijua. Masanja anamaliza Desemba. "Mwezi na ushei tu," akasema. "Nidake Jumapili, nichukue cheti, nikirudi Mwanza mama yangu atanitia dawa." Nikanyamaza. Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikasimama mpaka treni ilipoondoka, nikarudi najisemea labda ni uchovu tu.

Kwa nini nilinyamaza? Nitasema kweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Nusu ya moyo wangu ilitaka adake. Kipa wa akiba ni kijana wa Kiswidi mrefu anayeogopa mpira wa chini, na najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba tukimweka yeye tunafungwa.

Alhamisi sikuvumilia. Nilitoka kazini kwangu, kwenye kiwanda cha kufulia nguo, nikapanda basi na treni mpaka Jordbro, nikawakuta wanamaliza mazoezi. Masanja alikuwa golini. Mpira ulimpita kushoto akaenda kulia. Wengine wakadhani anabahatisha.

Nikaingia uwanjani na koti langu, nikaenda moja kwa moja kwa Lennart. Nikasema kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba Masanja ni mgonjwa wa kichwa tangu lile goti, kwamba asidake Jumapili, kwamba akidaka atakufa.

Walicheka.

Walicheka kicheko kizuri, cha kunipenda. Mmoja akaanza kuimba ule wimbo wangu wa sanda na kaburi, wengine wakadakia. Lennart akamtazama Wafula, na Wafula akamweleza kwa upole kwamba huyu ni mtani wake, kwao ndivyo wanavyotakiana heri kabla ya mechi kubwa. Lennart akatikisa kichwa, akasema ni desturi nzuri.

"Jamani sitanii!" nikapiga kelele. "Wallahi sitanii!"

Wakazidi kucheka. Ningesema nini tena? Msimu mzima nimesimama nyuma ya goli lile nikiapa hivyo hivyo, na sauti hiyo hiyo. Masanja mwenyewe akaja, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mkinizika, huyu mtumwa wangu asiimbe, ana sauti ya bata." Lakini macho yake yalikuwa yananiomba. Lennart, kwa haki yake, alimwonyesha vidole akamwuliza vingapi. Akataja sawa. Basi, kwao yakaisha.

Nikamwambia Salum usiku ule. Salum, aliyekuwa winga wa kushoto, aliyekosa kupanda daraja miaka yote aliyocheza, akaniambia, "Mama Zuhura, kichwa cha kipa kigumu. Mimi niligongwa mara ngapi?" Nikamwambia habari ya baba. Akasema, "Alikuwa anakutania." Nikamwambia nimemwona usoni. Akageukia ukuta.

Nisimseme sana. Anaitaka kesho kuliko mimi.

Leo mchana Chuo walikula pamoja. Kila mwisho wa msimu mimi ndiye ninayepika pilau, sufuria kubwa, naipeleka kwenye ukumbi wao. Nilipika, lakini viungo nilivitia bila kujua ninatia nini. Wakati wanakula Masanja alikaa peke yake dirishani, mgongo kwenye mwanga. Hakumaliza sahani. Masanja! Mifuko yao ilikuwa imepangwa ukutani. Nikaenda kwenye mfuko wake, nikatoa viatu, nikavifunga kwenye kanga, nikavitia ndani ya sufuria tupu, nikafunika.

Wafula aliniona. "Mtani kaiba viatu!" akapaza sauti, na ukumbi wote ukashangilia, wakagonga meza kwa vijiko. Masanja aligeuka, akatabasamu, akapunga mkono. Nikapaza sauti vile vile kwamba viatu hivi vinakwenda kwangu Rågsved, na mwenye navyo aje avigomboe kabla ya magharibi, kwa magoti.

Hakuna hata mmoja aliyenizuia. Ndiyo faida ya kuwa mtani, nilisema moyoni. Maneno yangu hayana uzito kwao, lakini mkono wangu unaruhusiwa.

Nilipanga hivi. Maduka yamefungwa leo mchana na kesho hayafunguliwi. Miguu yake mikubwa, hakuna wa kumwazima. Lazima aje. Akija nitafunga mlango, nitamkalisha kwenye kochi, sitamtania hata neno moja. Nitamwita kwa jina lake. Nitamwambia habari ya baba yangu nikimshika mikono, ajue kwamba alisahau jambo ambalo hasahau mtu mzima. Halafu tutakwenda naye hospitali, kama hataki nitampigia Lennart asikie kilio changu kwenye simu. Cheti na kisubiri. Kiwanja na kichukuliwe.

Salum alipoviona viatu mezani aliuliza ni vya nani. Nikamwambia. Akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba nimewafungisha. Ndipo akaingia jikoni.

Sasa nangoja. Treni zinakuja na kuondoka, nami kila mara nasimama dirishani kutazama miavuli. Masanja hana mwavuli, hutembea kichwa wazi na mabega nyuma, ungemjua kwa mbali. Bado. Wafula angeshamkumbusha. Wenzake wangeshamsukuma aje, wakimcheka. Kwa nini haji?

Baadaye

Naandika haraka. Nimeshavaa koti.

Simu ililia. Niliikimbilia, nikajua ndiye, nikajitayarisha kutukanwa.

"Shikamoo, mama."

Sauti ni yake, lakini ilikuwa sauti ya mtoto aliyetumwa kwa mtu asiyemjua. Nikauliza nani anaongea.

"Masanja, mama. Naomba kuongea na Salum. Nataka kumwambia kesho niko tayari."

Nikangoja acheke. Nilingoja kwa roho yangu yote. Nilikuwa tayari kumsamehe, kumtukana, kumwambia ameshinda, utani huu umenimaliza. Simu ilikuwa inavuma tu.

"Masanja," nikasema, "viatu vyako viko wapi?"

"Viko hapa mlangoni, mama. Nimevipaka rangi sasa hivi. Naviona."

Vilikuwa mezani mbele yangu, na changarawe yake imemwagika juu ya kitambaa.

"Mimi ni nani?" nikamwuliza.

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. "Wewe si mama yake Salum?"

Mama yake Salum yuko Bagamoyo. Masanja hajamwona hata kwa picha.

Nikamwambia akae chini pale pale kwenye korido, asilale, asifumbe macho, amwite yule mama wa Kiswidi anayetunza bweni. "Ndiyo, mama," akasema, "ndiyo, mama." Alinitii. Hakuna kilichowahi kuniogopesha kama utii ule. Nikasikia akimwita. Yule mama akashika simu, nami nikamweleza kwa Kiswidi kilichovunjika vipande vipande. Goti, kichwa, Jumapili, hajui mimi nani. Huyo hakucheka. Hajui kama mimi ni Mzaramo wala Masanja ni Msukuma, hajui mtani ni kitu gani. Alisema anapiga simu ya gari la wagonjwa saa hiyo hiyo, akakata.

Nilipogeuka Salum alikuwa mlangoni pa jikoni, mikono inachuruzika maji. Alikuwa amesikia. Akaja mezani akavigusa viatu, akaviweka sawa, kimoja kando ya kingine. Akavua aproni, akachukua ufunguo wa gari.

Amekwenda kuliwasha, lina tabu kwenye mvua. Jirani amemchukua Zuhura. Nasikia injini inakohoa huko chini na haijashika.

Nilipiga tena bwenini. Gari la wagonjwa limefika. Yule mama anasema alitoka kwa machela, macho wazi, na kwamba alikuwa anaulizia viatu vyake.

Kesho adake huyo kijana mrefu. Adake Lennart. Wafungwe mabao wanayotaka kufungwa, wajenge karakana yao mpaka barabarani. Mimi nimepiga kelele nyuma ya goli lile miaka yote hii na sikuwahi kuomba kitu kingine zaidi ya ushindi, na leo siutaki.

Viatu nimeviacha mezani. Sivipeleki hospitali. Avifuate mwenyewe hapa hapa, apande ngazi, aniite mtumwa wake, aseme nina sauti ya bata, ale chakula cha Salum.

Injini imeshika. Ee Mungu wangu, kesho Masanja anitukane.